Hadi Chemchemi ya Kwanza

Rragam, Valbona
Jumatano, 16 Agosti 2017

Mama Drande,

Tumevuka mlima salama na tumefika Valbona. Habari hii imethibitishwa na Mrika, kiongozi wetu, aliyetuhesabu kwa sauti pale darajani ingawa wa kuhesabiwa tulikuwa wawili tu. Natumaini nawe u mzima huko Bergamo, na kwamba wodini wameacha kukubebesha zamu za wenzako walioenda likizo. Mimi sijambo, ukiondoa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mwanao hajambo kuliko mimi.

Ulitaka tuchukue kiongozi mwenye kitambulisho, tulimchukua. Ulitaka tusiiache njia yenye alama nyekundu na nyeupe; hatukuiacha. Limebaki la Jumamosi, Drande awe kwenye meli ya usiku ya Durrës ili umpokee Bari Jumapili asubuhi. Hilo siku yake haijafika.

Mrika ana miaka ishirini na saba, ni mzaliwa wa Theth, na ana mdomo. Nilimwambia nilitarajia kiongozi mwanaume. Akavitazama viatu vyangu, akasema yeye naye alitarajia mteja mwenye viatu. Drande alicheka. Hilo ndilo neno la kwanza nililopata kwake tangu Shkodër, kama kicheko ni neno. Safari nzima ya kwenda Theth alikuwa ameziba masikio kwa vile visikilizio vyake, akitazama nje.

Leo amebeba shanta lake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Kwenye kokoto nyeupe za mwisho, zile zinazokurudisha nyuma kila ukipiga hatua, nilijitolea kumsaidia. Akaniuliza nani angenisaidia mimi. Swali la haki. Mrika alinikata fimbo.

Jambo moja limenikaa vibaya, nalo wewe utalielewa bila maelezo mengi, maana u binti wa Nikaj, ambako aliyekula mkate wako haachwi aende bila kusindikizwa. Jana tulilala Theth nyumbani kwa babake Mrika, Mzee Pashk. Tumekula kwake, tumelala chini ya dari yake, kwa hiyo Mrika anatuhesabu wageni wake. Lakini leo, juu kabisa, mimi nilifungua shanta langu nikakata mkate nilioununua Shkodër, na jibini, na kitunguu, nikampa yeye wa kwanza. Akala. Kwa hesabu yangu basi yeye ni mgeni wangu. Wenyeji wawili, mgeni hakuna. Na kesho asubuhi anarudi kwao juu ya mlima peke yake, kama kwamba hakula kwa mtu.

Tutamsindikiza kidogo tu, mimi na Drande, hadi chemchemi ya kwanza. Kisha tutarudi kuchukua mizigo na kupanda basi dogo la saa nne.

Mtandao hapa unapatikana mlangoni mwa duka tu, na mwenye duka anafunga.

Baba Drande

*

Bergamo
Alhamisi, 17 Agosti 2017, alfajiri

Baba Drande,

Barua yako nimeikuta nikitoka zamu. Mimi ni mzima, nimechoka, nina njaa. Kidole kiloweke kwenye maji ya chumvi na usikitoboe. Nimefurahi kuwa amecheka, hata kama ni kwa ajili ya viatu vyako.

Sasa nisikilize. Usimsindikize.

Nimekupigia mara nne, simu haishiki, ndiyo maana naandika. Najua maana ya "kidogo" kinywani mwako. Ulimsindikiza mpiga picha wa harusi yetu hadi kona, ukarudi kesho yake, na keki nikaikata na shemeji. Hapa Bergamo ulimsindikiza fundi wa mabomba hadi kituo cha basi, ukapanda naye basi, ukanipigia kutoka mji ambao hadi leo sijui ulifikaje. Mrika anauvuka mlima ule kama wewe unavyovuka barabara kwenda kunywa kahawa. Mlipe, mshukuru, mpe mkono, geuka. Kugeuka ndiyo sehemu inayokushinda, kwa hiyo naiandika peke yake: geuka.

Tunajua wote kilichoko hapa. Likizo za Drande mahakama iliniachia mimi niamue, na miaka minne nimesema hapana kwa sababu hujawahi kumrudisha mtu popote kwa wakati. Mwaka huu amesema mwenyewe anataka kujaribu. Kujaribu, alisema, hakusema kingine. Asipokuwa melini Jumamosi, mwakani usiniombe. Na mwaka utakaofuata atakuwa mtu mzima mwenye mambo yake, hutakuwa na wa kumwomba. Si tishio. Ni taarifa, kama unavyopenda kusema.

Mwambie avae soksi kavu.

Mama Drande

*

Theth
Alhamisi, 17 Agosti 2017, jioni

Mama Drande,

Tuko Theth. Wa kwanza kulitamka hilo ni Mzee Pashk, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe shambani. Alituona tukiteremka, akasimamisha mundu wake, akauliza, "Mmesahau nini?"

Natumaini umelala baada ya zamu, na kwamba unasoma haya umekaa. Barua yako nimeisoma sasa hivi, kwenye ukuta wa kanisa, ambapo mtandao hushika ukiinua mkono. Siwezi kusema kwamba ningeisoma mapema nisingekwenda. Nataka kusema hivyo, ila sina ushahidi.

Ilivyokuwa ni hivi. Kwenye chemchemi Mrika alituaga vizuri. Mimi niliona pale pana jua kali, si mahali pa kuagana na mtu, nikapendekeza kivulini, mwisho wa miti. Mwisho wa miti Drande hakuwepo wa kuagana. Alikuwa ametangulia na Mrika, wanachuma yale matunda meusi ya mwituni, midomo imekuwa ya buluu, na Mrika anamfundisha ule mluzi wa vidole viwili ambao wachungaji huitana nao kutoka bonde hadi bonde. Mwanzo ulitoka upepo mtupu. Mrika akamwambia hata kondoo aliyekufa asingegeuka. Kisha ukatoka. Ulikwenda ukagonga mwamba wa ng'ambo ukarudi, na Drande akaruka pale aliposimama. Nilitembea nyuma yao nikisikiliza. Ningewaita warudi wakati ule ningekuwa na akili, na nisingekuwa na furaha.

Juu kabisa Mrika alinigeukia. Aliniambia kwamba nikivuka pale nitakuwa mgeni wa baba yake tena na yeye asilaumiwe. Wingu lilikuwa limeanza kushuka. Si sababu, nalitaja tu. Nikavuka.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Kwa kuwa tulikuwa tunakwenda chemchemini tu, tuliondoka na chupa ya maji na kipande cha jibini. Mashanta yako Rragam, kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba ya wageni. Pasipoti ya Drande iko ndani ya shanta lake. Kuzunguka kwa barabara, Shkodër kisha ziwani kisha Valbona, kunakula siku moja na nusu, na boti tusipoiwahi ni mbili. Kwa juu ni siku moja. Kesho tunavuka tena.

Nilidhani tutavuka wawili. Mzee Pashk akasema hajapata kuona mgeni akiondoka nyumbani kwake kuukabili mlima bila mtu wa nyumba hiyo, na hataanza kuliona uzeeni. Akaanza kutafuta viatu vyake. Ana goti lisilokunjika. Mkewe, Mama Dila, akavificha viatu, akatangaza kwamba atakwenda Mrika. Mrika akaweka uma chini, akatutazama wote mmoja mmoja kama watu waliomwibia kitanda.

Basi Mrika anatusindikiza hadi Valbona. Halafu atakuwa Valbona, peke yake, na jioni inaingia.

Drande aliuliza mezani, kwa adabu, jambo hili huishia wapi. Mama Dila alimwongezea chapati zile za matabaka, na krimu juu, na Drande akala ya tatu. Amenichekea mara mbili leo. Naripoti tu.

Baba Drande

*

Bergamo
Ijumaa, 18 Agosti 2017

Baba Drande,

Leo sikuulizi hali.

Pasipoti ya mtoto iko kwenye msumari, mtoto yuko upande wa pili wa mlima, na wewe unanieleza habari za krimu.

Nimechukua likizo yangu kuanzia kesho hadi Jumapili ya wiki ijayo, nikae na Drande kabla shule haijafunguliwa. Kesho napanda treni ya kwenda Bari. Jumapili asubuhi nitasimama langoni bandarini. Akiteremka, tutazungumza mimi na wewe habari za mwakani. Asipoteremka, hatutakuwa na la kuzungumza.

Mwambie Drande kwamba mama yake hana hasira naye hata chembe. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika. Na mshukuru Mama Dila. Hilo silisemi kwa ajili yako.

Mama Drande

*

Bandari ya Durrës
Jumamosi, 19 Agosti 2017

Mama Drande,

Drande yuko melini. Mhudumu wa ngazi ameikagua tiketi yake na pasipoti yake, akamrudishia vyote viwili na kusema safari njema. Natumaini umefika Bari bila taabu na umepata pa kulala penye dirisha. Mimi ni mzima. Kidole kimepasuka chenyewe, sikukitoboa.

Nakuandikia yaliyotokea jana kama yalivyotokea, pamoja na yasiyonipendeza.

Tulipanda watatu. Njia nzima nilikuwa napanga. Mrika akishatufikisha Valbona, sitamwacha arudi peke yake. Lakini Drande lazima aondoke na basi dogo la alfajiri. Kwa hiyo nilipata mpango. Dereva wa basi lile ni mtu mwaminifu, namfahamu, niliwahi kuandika gazetini habari za shangazi yake aliyeshtakiwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Angemchukua Drande hadi Shkodër, angempandisha gari la Durrës, na mimi ningemrudisha Mrika Theth, nishuke kwa barabara, nimkute bandarini kabla meli haijaondoka. Niliona ni mpango mzuri. Tulipofika juu nikaueleza.

Mrika alisema nimwache, ana miguu. Nilikataa. Akasema mwaka huu tu ameuvuka mlima huu mara zaidi ya nilizowahi mimi kupanda ngazi za nyumbani kwangu. Nikasema sibishani na hilo, nabishana na mkate. Tukaendelea hivyo, wawili tuliosimama kwenye upepo kama mawakili, kila mmoja akidai mwenzake ni mgeni wake.

Drande alikuwa amekaa juu ya jiwe akifunga kamba za viatu. Hakupaza sauti. Alisema:

"Baba, Mrika anaenda kwao. Kila siku yuko kwao. Anayeondoka ni mimi."

Akamaliza kufunga kiatu cha pili.

"Nisindikize mimi," akasema.

Nimehudhuria kesi nyingi, Mama Drande, na sijasikia hoja fupi kuliko hiyo.

Mrika ndiye aliyetuokoa. Alisema kwamba pale juu hakuna dari ya mtu, upande huu maji yanakwenda Theth na upande ule yanakwenda Valbona, na aliyesimama katikati si mgeni wala mwenyeji wa yeyote. Sina hakika kama ni desturi au aliitunga wakati ule. Akafungua shanta, akatoa mkate wa mama yake, akaugawa sehemu tatu, tukala tumesimama. Mkate huo haukuwa wangu, nikakosa pa kushikia. Kisha akamkumbatia Drande, akaniambia nikija tena nije na viatu, akageuka na kushuka upesi, bila kuaga, nisipate nafasi.

Alipopotea nyuma ya miamba tulisikia mluzi wake. Drande akajibu. Ukaja mwingine, chini zaidi. Akajibu tena. Alikaa pale ukingoni akimjibu hadi Mrika alipofika kwenye miti, na baadaye kidogo, na hakukubali kuondoka hadi mluzi wa chini ulipokuwa mwembamba kiasi kwamba mimi nilikuwa siusikii tena, yeye tu. Hakuna mtu aliyewahi kusindikizwa vizuri kuliko hivyo mlimani pale, na aliyefanya hivyo hakutoka jiweni.

Hapo niligundua kwamba nimevunja sharti lako. Tulikuwa tumebaki hatuna kiongozi. Drande akashika njia mbele. Hakuikosa alama hata moja. Penye kokoto aliniambia nielekeze vidole vya miguu pembeni, nisiteremke kama mtu anayekimbia deni. Mahali pawili alinipa mkono. Kwa hiyo kwa nusu siku hatukuwa na kiongozi mwenye kitambulisho. Iandike hivyo kama unaandika. Mimi nisingeandika hivyo.

Mashanta yalikuwa kwenye msumari. Pasipoti ilikuwa ndani.

Leo tumepanda basi dogo, boti ya ziwani, kisha gari la Shkodër. Ndani ya boti alilala, kichwa begani kwangu, na bega likafa ganzi hadi boti ilipofika Koman, sikulisogeza. Shkodër tulipita nyumbani achukue nguo zake. Nikiwa pale nilifungua droo nikatia pasipoti yangu mfukoni. Kama ungeniuliza kwa nini, nisingekuwa na jibu la kuchapishwa.

Hapa bandarini nilisema nitamfikisha kwenye ngazi. Kwenye ngazi shanta lilionekana zito, nikasema hadi juu. Walipotangaza mara ya kwanza kwamba wasindikizaji wateremke, tulikuwa tunatafuta kiti chake. Walipotangaza mara ya pili Drande alinitazama, akasema nina dakika chache za kuamua, na kwamba yeye hatasema lolote kwa sababu alishasema mlimani. Nimekata tiketi ya sitaha. Ngazi wameshaiondoa.

Asubuhi nitateremka naye, nitamkabidhi mkononi mwako, na nitarudi na meli ya usiku wa kesho hiyo hiyo. Sitakusumbua. Nitakaa bandarini, nina gazeti.

Taa za mji zinaanza kusogea. Mtandao unakatika.

Baba Drande

*

Bari
Jumapili, 20 Agosti 2017, asubuhi

Baba Drande,

Meli yenu itafunga gati saa mbili na nusu. Mlinzi wa lango ndiye aliyesema, nilipomuuliza mara ya tatu. Nakuandikia nimesimama langoni na kahawa mkononi, ili uisome mtandao utakapokushika, kabla hujaniona na kuanza kueleza. Natumaini sitaha haikukuumiza mgongo na kidole umekifunga. Mimi nimeamka salama. Dirisha lilikuwepo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale pa dereva wa basi na shangazi yake nilikaribia kuitupa simu. Nimefurahi sikuitupa.

Drande naye aliniandikia jana kutoka kwenye boti, kabla hajalala begani kwako. Hakuandika mengi. Ameandika kwamba mlima wameuvuka mara tatu, na ya tatu ameongoza yeye, na kwamba kuna mluzi atanionyesha lakini si ndani ya nyumba. Halafu ameuliza kama shule ikifungwa mwakani inawezekana aende mapema. Hakuandika "kujaribu".

Kwa hiyo la mwakani nimeshalijibu, na nimemjibu yeye kwanza: Julai yote na Agosti yote. Viatu utanunua mapema, na nitataka kuona risiti.

Linabaki la leo. Unasema utakaa bandarini na gazeti, kisha upande meli peke yako usiku. Umemleta mwanangu kwa maji hadi mkononi mwangu, halafu nikuache langoni kama mtu aliyeleta kifurushi. Umesahau unamwandikia binti wa nani. Mama yangu angetoka kaburini Nikaj aje anipige kibao, kisha angekusindikiza yeye.

Na kuna nyumba Theth iliyomlaza mwanangu mara mbili na kumlisha hadi akaacha kuhesabu, nami kizingiti chake sijakikanyaga. Asante ya simu kwa Mama Dila haitoshi, na unajua haitoshi, ndiyo maana hujathubutu kuniandikia kwamba ulimfikishia.

Nina likizo hadi Jumapili ijayo. Nilidhani ni ya kukaa Bergamo. Mchana wa leo tutakula samaki hapa nyuma ya bandari, sote watatu. Utanieleza habari za mpiga picha wa harusi yetu, kwa sababu hujawahi kunieleza vizuri mlikwenda wapi. Halafu mimi na Drande tutakusindikiza. Usiniulize hadi wapi, na usibishane nami langoni mbele ya mlinzi, tumeshazoeana.

Tiketi nimenunua tatu. Meli inaondoka leo saa nne usiku, na basi dogo la Theth linatoka Shkodër Jumanne tarehe 22, saa moja asubuhi.

Mama Drande